Faili za nukta: setingi zangu zinanifuata kila kompyuta ninayokaa

Mtu yeyote anayeshinda kwenye teminali, baada ya muda anakuwa na vifaili vyake vidogo vidogo vya setingi, ambavyo majina yake mengi yanaanza na nukta. `.bashrc` imejaa vifupisho vya amri (aliasi), `.gitconfig` ina jina na imeili na aliasi kadhaa, kuna `.vimrc` au folda ya Neovim aliyoijenga mstari kwa mstari, kuna `.tmux.conf`, kuna `.ssh/config` yenye seva zake zote. Hakuna siku alikaa chini akaamua aviandike vyote, vimekuja tu polepole, leo kitu kimemkera akaongeza mstari, kesho kaona mwenzake ana njia fupi akaiiga, miaka inapita na ukija kuangalia huo mkusanyiko ni maamuzi yake yote kuhusu namna anavyopenda kufanya kazi. Halafu anapewa laptopu nyingine, au anaingia kwenye seva mpya, anaandika kifupisho chake `gs` kama alivyozoea na sheli, yaani programu inayosoma amri zake, inamwambia haiijui hiyo amri.

Mi hii ishu naipenda kweli, ndo maana leo naiandika kwa urefu. Watu wengi wakianza kupanga faili zao swali la kwanza wanalouliza ni nitumie programu gani, Stow au chezmoi au Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) peke yake, na wanatumia wikendi nzima kulinganisha. Kwa maoni yangu hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni kujua kwenye hizo faili zako kipi kinafanana kila mahali, kipi kinatofautiana kati ya mashine na mashine, na kipi ni siri ambayo haitakiwi kutoka kwenye mashine ilipo. Ukishatenganisha hayo mafungu matatu programu yoyote itakufaa, na usipoyatenganisha hakuna programu itakayokuokoa.

Kwanza tuanze na hiyo nukta yenyewe maana inaeleza vurugu nyingi. Rob Pike, mmoja wa watu waliofanya kazi kwenye Unix pale Bell Labs, aliisimulia hii stori mwaka 2012. Unix ilipoanza kuwa na folda ndani ya folda, kila folda ikawa na vitu viwili, `.` yaani folda yenyewe na `..` yaani folda ya juu yake, na kila ukipiga `ls`, amri ya kuorodhesha faili, vikawa vinatokea. Ikaongezwa kodi fupi kwenye `ls` ya kuviruka, ila badala ya kuangalia jina zima ikawa inaangalia herufi ya kwanza tu, kama ni nukta basi ruka. Matokeo yake faili yoyote inayoanza na nukta ikawa haionekani, na waandishi wa programu wakaona hapo ndo pa kuficha setingi zao. Pike mwenyewe anaona lile lilikuwa kosa. Yaani hakuna aliyekaa akapanga kwamba setingi zikae hivi, na ndo maana ukipiga `ls -A` kwenye folda yako ya nyumbani unakuta msitu, kila programu imejikatia kiwanja chake bila kumuuliza mtu.

Baadaye watu wa freedesktop.org wakaleta utaratibu unaoitwa XDG Base Directory. Setingi zikae `~/.config` (hiyo `~` ni folda yako ya nyumbani), data za programu `~/.local/share`, vitu vya muda ambavyo hata ukifuta hakuna hasara `~/.cache`, na siku hizi kuna `~/.local/state` kwa ajili ya vitu kama historia na logi. Siyo programu zote zinafuata, Bash bado inataka `~/.bashrc` na SSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, bado inataka `~/.ssh`, lakini Git inasoma `~/.config/git/config`, tmux (ya kugawa teminali moja kuwa nyingi) za karibuni zinasoma `~/.config/tmux/tmux.conf`, na Zsh ukiipa `ZDOTDIR` ndani ya `~/.zshenv` inahamia popote unapotaka. Mi nahamisha kila kinachokubali kuhama, na sababu siyo usafi wa macho tu. Sababu ni kwamba setingi ulizoandika wewe zinaachana na takataka ambazo programu imeziandika yenyewe, na hapo kazi ya kuamua nini kiingie kwenye ripo (folda inayotunzwa na Git) inakuwa imeshafanyika nusu.

Sasa hayo mafungu matatu.

La kwanza halina maneno mengi. Setingi za edita, rangi, aliasi za kawaida, vitufe vya tmux, hizo ni zilezile kila mahali, weka kwenye ripo ya Git, endelea na maisha.

La pili ndo lenye utamu na ndo linalowashinda wengi. Kompyuta ya kazini inataka imeili ya kazini kwenye komiti, yaani kila rekodi ya mabadiliko unayoihifadhi, ya kwako inataka yako. Mashine moja ni Linux nyingine ni macOS. Njia ambayo watu huikimbilia ni kuwa na matawi ya Git, tawi la kazini na tawi la nyumbani, na mi naipinga hiyo waziwazi kwasababu kila aliasi mpya unayoongeza inabidi uimeji, yaani uiunganishe, kwenye kila tawi, na ukiacha mwezi mmoja tu matawi yameshaachana kiasi kwamba hujui lipi ni sahihi. Tawi moja, kila mashine inasoma faili zilezile, halafu faili zenyewe ndo zijue ziko wapi.

Na habari njema programu nyingi zinaweza hilo bila msaada wowote wa nje. Git toka toleo la 2.13 la mwaka 2017 ina `includeIf`, unaandika hivi:

```
[user]
    name = Jina Langu
    email = mimi@example.com
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.config/git/kazi
```

Kila ripo iliyo ndani ya `~/kazi/` inachukua setingi za ziada kutoka ile faili ya pili, imeili ya kazini, ufunguo wa kusaini na chochote kingine. Usisahau ule mkwaju wa mwisho kwenye `~/kazi/`, ndo unaoiambia Git ihesabu na folda zote za ndani. SSH nayo toka OpenSSH 7.3 ya mwaka 2016 ina `Include`, kwa hiyo orodha ya seva za kazini inaweza kukaa kwenye faili ambayo haimo kabisa kwenye ripo.

Ila hapa kuna kitu lazima ukijue, na sijui kwanini hakisemwi zaidi. Git ikikuta setingi moja imeandikwa mara mbili inachukua ya mwisho. SSH inachukua ya kwanza. Kwa hiyo kwenye Git ile `includeIf` inakaa chini, baada ya setingi za kawaida, ili ya kazini ishinde, lakini kwenye `~/.ssh/config` ile `Include` inakaa juu kabisa, kabla ya `Host` yoyote. Tena ukiiweka chini ya `Host` fulani inahesabika kuwa ni ya hiyo `Host` peke yake, utakaa unashangaa seva hazisomeki. Sheli yenyewe iko kama Git, cha mwisho ndo kinashinda, kwa hiyo mstari wa mwisho wa `.bashrc` yangu ni huu:

```
[ -r ~/.bashrc.local ] && . ~/.bashrc.local
```

Hiyo `.bashrc.local` haiingii kwenye ripo, kila mashine ina yake au haina kabisa, na isipokuwepo hakuna kinachoharibika. Kwangu huu ndo mstari wenye thamani kuliko yote, maana unakupa mahali pa kuweka vitu vya ajabu vya mashine moja bila kuchafua nyingine zote.

Kuhusu mifumo tofauti, kanuni yangu ni kuuliza uwezo badala ya kuuliza jina. Badala ya kuandika "kama ni Linux fanya hivi", naandika `command -v nvim >/dev/null && alias vim=nvim`, kama Neovim ipo tumia, kama haipo iache Vim ilivyo. Hii inafanya kazi kwenye mashine ambayo hata sijawahi kuiona. Kuna sehemu chache ambazo lazima uulize jina tu, mfano Homebrew, ya kuinstolia programu nyingine, iko `/opt/homebrew` kwenye Mac za chipu ya Apple na `/usr/local` kwenye za Intel, au `sed -i` ambayo kwenye macOS inadai neno la ziada baada ya `-i` na kwenye Linux haidai. Na macOS kuanzia Catalina ya 2019 sheli yake ya kawaida ni Zsh, huku Bash inayokuja nayo ni tawi la 3.2 lililoanzia 2006, kwasababu matoleo yaliyofuata yalihamia leseni ya GPLv3 ambayo Apple inaikwepa. Hiyo Bash ya zamani haijui `declare -A`, ilikuja kwenye toleo la 4. Kwa hiyo skripti yako ya kusetia mashine iandike kwa `sh` ya kawaida kabisa, hata kama inakuwa ndefu kidogo, maana hiyo ndo itakayokimbia kwenye mashine tupu ambayo bado haina chochote chako.

Mtego mwingine wa sheli ni `.bash_profile`. Bash ukiingia kwa kulogi inatafuta `~/.bash_profile`, kama haipo `~/.bash_login`, kama haipo `~/.profile`, na inasoma ya kwanza tu inayoikuta. Sasa distro nyingi za Linux zinakupa `.profile` iliyoshaandaliwa, wewe unakuja unaleta `.bash_profile` yako kutoka mashine nyingine, na kuanzia siku hiyo ile `.profile` haisomwi tena, `PATH` inapungua na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa yake `.bash_profile` iwe na mistari miwili tu, wa kusoma `.profile` na wa kusoma `.bashrc`, basi. Na `.bashrc` usiifanye iandike chochote kwenye skrini kama sheli siyo ya mtu anayechapa, maana Bash inaisoma hata unapotuma faili kwa `scp` au `rsync`, na hayo maneno ya karibu yanaingia katikati ya mazungumzo ya programu mbili na kuyavuruga. Ndo maana `.bashrc` nyingi zinaanza na `case $- in *i*) ;; *) return ;; esac`, ukiukuta huo mstari usiufute.

Fungu la tatu, siri. Hapa sina mchezo.

Ufunguo wa siri wa SSH hauingii kwenye ripo, hata ripo ya faragha. Kila mashine inatengeneza wake kwa `ssh-keygen -t ed25519`, na unausajili pale unapohitajika. Watu wanaona ni usumbufu, wanataka ufunguo mmoja unaosafiri, lakini fikiria laptopu moja imepotea: kama kila mashine ina wake unafuta mmoja tu na zingine zinaendelea na kazi, kama ni mmoja kote inabidi ubadilishe kila kitu kwa siku moja tena ukiwa na presha.

Tokeni, yaani misimbo ya siri ambayo programu inaitumia kuingia kwenye huduma kama paswedi, ndo zinazopita bila kuonekana kwasababu zinakaa kwenye faili ambazo kwa sura ni setingi za kawaida. `.npmrc` inaweza kuwa na tokeni ya kuchapisha vifurushi, `.netrc` ina paswedi kabisa, `~/.aws/credentials` jina lake linajieleza, na `~/.docker/config.json` mara nyingine ina jina na paswedi zilizoandikwa kwa base64, ambayo siyo usimbaji wa siri hata kidogo, mtu yeyote anaifungua kwa amri moja. Kwa hiyo mi sipigi `git add .` kwenye ripo hii. Naongeza faili moja moja kwa jina, naisoma kwanza mwanzo mpaka mwisho, ndo inaingia. Na ikitokea siri imeshaingia kwenye komiti na imeshapushiwa, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, historia ya Git imeibeba bado. Cha kwanza ni kuibatilisha hiyo tokeni huko ilikotoka na kutengeneza nyingine, halafu ndo uje usafishe historia kwa `git filter-repo`. Mpangilio huo una maana yake, kusafisha historia hakumzuii aliyeshaikopi.

Tukiwa bado kwenye SSH, jua pia kwamba Git haitunzi ruhusa za faili. Inachokumbuka ni kama faili ni ya kukimbizwa au la, basi. Ukikloni ripo kwenye mashine ambayo umask yake (setingi ya ruhusa za faili mpya) ni 002, `config` ya SSH inatokea ikiwa kundi zima linaweza kuiandika na SSH inaikataa kwa ujumbe wa `Bad owner or permissions`. Kwa hiyo skripti yako iwe na `chmod 700` kwa folda ya `~/.ssh` na `chmod 600` kwa `config`. Na kama `config` ni simlinki, yaani kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili nyingine, ruhusa zinazoangaliwa ni za ile faili halisi iliyoko kwenye ripo.

Haya, simlinki. Ndo njia ya kawaida ya kuweka hizi faili mahali pake, faili halisi inakaa kwenye ripo na kule programu inakotafuta unaweka kiungo kinachoelekeza huku. Uzuri wake ukibadilisha kitu kimebadilika hapohapo ndani ya ripo, `git diff` inakuonyesha, hakuna hatua ya kukopi. Yangu inafanywa na skripti fupi ambayo kiini chake ni hiki:

```
hapa="$(cd "$(dirname "$0")" && pwd)"

weka() {
  chanzo="$hapa/$1"
  lengo="$HOME/$2"
  mkdir -p "$(dirname "$lengo")"
  if [ -e "$lengo" ] && [ ! -L "$lengo" ]; then
    mv "$lengo" "$lengo.zamani.$(date +%Y%m%d%H%M%S)"
  fi
  ln -sfn "$chanzo" "$lengo"
}

weka bash/bashrc .bashrc
weka git/config .config/git/config
weka tmux/tmux.conf .config/tmux/tmux.conf
```

Kila kitu hapo kina sababu. Faili halisi ikikutwa haifutwi, inasogezwa pembeni na tarehe yake, kwasababu huwezi kujua mashine hiyo ilikuwa na nini. Ile `-n` kwenye `ln` ni kwa ajili ya folda, maana lengo likiwa ni simlinki ya folda na hukuweka `-n`, `ln` inaingia ndani ya hiyo folda na kutengeneza kiungo kingine huko, na ukiirudia mara ya pili unakuta folda ina kiungo kinachojielekeza yenyewe. Na hilo la kurudia ndo kipimo changu kikubwa: skripti ya kusetia lazima uweze kuikimbiza tena na tena, ya pili isiharibu kilichofanywa na ya kwanza. Maana hutaikimbiza siku ya kwanza peke yake, utaikimbiza kila ukiongeza faili, na ukiwa unaiogopa utaacha kuitumia, na hapo mashine zinaanza kuachana taratibu.

Simlinki zina udhaifu mmoja. Kuna programu zikisave setingi haziandiki juu ya faili iliyopo, zinaandika faili mpya pembeni halafu zinaibadilisha jina iwe ile ya zamani. Ni njia salama dhidi ya umeme kukatika, ila simlinki yako inakufa hapo na nafasi yake inachukuliwa na faili ya kawaida. Wewe unaendelea kudhani ripo inajua mabadiliko yako kumbe ilishaachwa. Ukishuku, piga `ls -l` kwenye faili husika uone kama ule mshale bado upo.

GNU Stow inafanya hii kazi ya simlinki kwa umahiri mkubwa, ipo toka 1993, na kwa mtu mwenye mashine chache za mfumo mmoja naipendekeza bila wasiwasi. Unapanga kila programu kwenye folda yake ndani ya ripo, unasema `stow bash`, imekwisha. Lakini soma hapa kwa makini: Stow ikikuta folda haipo kule inakopeleka, haiitengenezi, inaweka simlinki ya folda nzima. Kwenye mashine mpya kabisa ambayo bado haina `~/.config`, ukistow kifurushi cha kwanza basi `~/.config` yote inaweza kuwa kiungo cha kuingia kwenye ripo yako, na kuanzia hapo kila programu unayofungua inamwaga setingi zake humo, na tokeni zake juu. Tengeneza `~/.config` kwanza kwa `mkdir -p`, au tumia `--no-folding`. Ikikuta faili tayari ipo inagoma, na hilo ni jambo zuri. Kuna `--adopt` ambayo inaichukua ile faili iliyopo na kuiweka juu ya ile ya ripo, itumie ukiwa umeshakomiti kila kitu ili `git diff` ikuonyeshe nini kimeingia.

Njia nyingine inayopendwa haina simlinki kabisa, unatengeneza ripo ya Git isiyo na folda ya kazi yake, halafu unaiambia folda ya kazi ni `$HOME` yenyewe:

```
git init --bare ~/.setingi
alias setingi='git --git-dir=$HOME/.setingi --work-tree=$HOME'
setingi config status.showUntrackedFiles no
```

Ni safi, haihitaji kuinstolia chochote zaidi ya Git, faili zinakaa mahali pake halisi. Ila kuna amri moja ambayo hapo ni hatari kuliko zote, `setingi clean`. Ile `showUntrackedFiles no` inaficha faili zako nyingine kwenye `status` tu, haizilindi na `clean`. Kwa Git hiyo, picha zako, nyaraka zako, kila kitu kwenye folda ya nyumbani ni faili isiyofuatiliwa, na `clean -fd` kazi yake ni kufuta faili zisizofuatiliwa. Kwa sababu hiyo peke yake mi siitumii hii njia, ingawa naelewa kabisa kwanini wanaoitumia wanaipenda.

chezmoi ni ya tofauti. Imeandikwa kwa Go, ni faili moja ya kudaunlodi, na haiweki simlinki, inatengeneza faili halisi kutoka kwenye chanzo kilichoko kwenye ripo. Hiyo inaipa uwezo ambao simlinki hazina. Faili inaweza kuwa templeti, jina la mashine au mfumo vikaamua mistari gani itokee. Faili ya siri unaipa jina linaloanza na `private_` na ruhusa zinawekwa vizuri zenyewe, paswedi zinaweza kuvutwa kutoka kwenye programu ya kutunzia paswedi badala ya kukaa kwenye ripo, na unaweza kusimba faili kwa age au GPG. Kabla ya kuapply unapiga `chezmoi diff` unaona kila mstari utakaobadilika. Gharama yake ni kwamba faili unayoiona kwenye `~` siyo chanzo tena, ukiibadilisha moja kwa moja lazima ukumbuke kuirudisha kwa `chezmoi re-add`, na ripo yako inakuwa na majina kama `dot_bashrc` ambayo bila chezmoi hayakusaidii. Ukiwa na Linux na macOS na mashine ya kazi yenye masharti yake, gharama hiyo inalipa. yadm iko katikati, ni Git iliyovalishwa uwezo wa kuchagua faili kwa mfumo, ukiipa jina lenye `##os.Darwin` inatumika kwenye Mac tu. Na Home Manager ya dunia ya Nix (mfumo wa kuinstolia programu wenye lugha yake) inakwenda mbali zaidi, inabeba setingi pamoja na programu zenyewe na unaweza kurudi kwenye hali ya nyuma, lakini hapo unajifunza lugha nzima, ingia ukiwa umejipanga.

Mi binafsi kuinstolia programu nakutenganisha kabisa na setingi, skripti mbili tofauti. Kwenye seva ambayo sina mamlaka ya kuongeza kifurushi chochote bado nataka aliasi zangu na `.vimrc` yangu, na skripti inayoanza kwa kudai `sudo` inanifungia mlango hapo. Vilevile skripti ya setingi isiulize swali lolote. Huduma kama GitHub Codespaces zinaikloni ripo yako ya setingi na kukimbiza `install.sh` zikiikuta, hakuna mtu amekaa pale wa kujibu ndiyo au hapana, ikisubiri jibu inakwama. Na kwa wanaogusa Windows, weka `.gitattributes` yenye `* text=auto eol=lf`, vinginevyo skripti zinaweza kutoka na miisho ya mistari ya Windows na Bash itakuwa inalalamika kuhusu `\r` ambayo wewe huioni popote.

Kujaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, huhitaji mashine ya pili. Hii mistari miwili inatosha kuanzia:

```
export H="$(mktemp -d)"
HOME="$H" ./weka.sh && HOME="$H" ./weka.sh && ls -lAR "$H"
```

Skripti inadhani hiyo folda ya muda ndo nyumbani, inaweka kila kitu humo mara mbili, unaangalia kama simlinki ziko sawa na kama kuna faili za `.zamani` zimezaliwa kwenye mzunguko wa pili, maana hazitakiwi kuwepo. Ukitaka uhakika zaidi fungua konteina ya Debian tupu ukimbize humo, hapo ndo utagundua kwamba `.bashrc` yako ilikuwa inategemea programu ambayo ulishasahau uliinstolia lini.

Jambo ambalo watu hawalipangi kabisa ni kuondoka kwenye mashine. Laptopu inarudishwa, seva inafungwa, akaunti inakabidhiwa mwingine. Kama umetumia Stow kuna `stow -D`, kama una skripti yako ongeza kazi ya pili ya kutoa simlinki zinazoelekeza kwenye ripo yako tu na kurudisha zile za `.zamani`. Halafu futa ripo, futa `.bashrc.local`, na usiishie hapo, nenda kwenye kila `authorized_keys` na kila akaunti ya Git ambako ufunguo wa mashine hiyo ulisajiliwa uuondoe. Mi kila ufunguo naupa jina la mashine kwa `-C` wakati wa kuutengeneza, kwa hiyo ikifika siku ya kuutoa nautambua kwa jina.